Jinsi ya kujifunza kwa waandishi wengine bila kuwaibia: mwongozo kamili kwa anayeandika Kiswahili Uganda

Anayeandika Kiswahili akiwa Kampala, Arua au Kasese ana mzigo ambao mwenzake wa Tanga hana. Karibu kila kitabu cha Kiswahili alichowahi kukisoma kimetoka nje ya nchi yake: riwaya za Tanzania, tamthilia za Kenya, mashairi ya Lamu na Mombasa. Akishika kalamu, mkono unaandika minazi kabla jicho halijatazama migomba iliyo dirishani. Haibi. Anakumbuka tu, na kukumbuka bila kujua kwamba unakumbuka ndilo jambo gumu kuliko yote katika kazi hii.

Hakuna mwandishi asiyeathiriwa. Anayekataa kusoma wengine ili "abaki safi" huishia kuandika kama vitabu vitatu alivyosomeshwa shuleni, kwa kuwa ndivyo pekee vilivyomo kichwani mwake. Njia inayofaa ni kuyajua madeni yako moja baada ya jingine, kuyaongeza yawe mengi, kisha kupima kila ulichokikopa kwa vitu unavyoviona na kuvisikia mwenyewe. Hatua zilizo hapa huchukua kama wiki sita kwa saa moja kwa siku. Utahitaji daftari la kurasa 96, kalamu mbili za rangi tofauti, kitabu cha mwandishi unayempenda kuliko wote, na kazi yako mwenyewe, hata kama ni kurasa kumi tu.

Hatua ya kwanza: daftari la madeni

Gawa ukurasa katika safu tatu. Safu ya kwanza andika umekopa kwa nani. Ya pili, umekopa kitu gani hasa. Ya tatu, kinaonekana wapi katika kazi yako, kwa ukurasa na mstari.

Safu ya pili ndiyo inayowashinda wengi. Wanaandika "mtindo wake" au "lugha tamu" na kuona wamemaliza. Maneno hayo hayakusaidii kitu. Andika kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukionyesha kwa kidole: "hufungua sura kwa mazungumzo kabla hatujajua nani anasema", "hamalizi ugomvi, hukata palepale mmoja anapofungua mlango", "mvua kwake hunyesha kila mtu anapokufa". Ukiweza kuliandika hivyo, unaweza kuamua kulitumia au kuliacha. Usipoweza, lenyewe ndilo linalokutumia.

Usiishie kwenye vitabu. Weka mahubiri ya Jumapili au hotuba za Ijumaa ulizokua nazo. Weka nyimbo za kadongo kamu, ambazo husimulia kisa kirefu kwa gitaa moja na sauti moja. Weka tamthilia za redio. Weka mavijei wa vibanda vya video, wale wanaozitafsiri filamu za kigeni kwa Kiganda huku zikicheza, wakimpa jambazi wa Hong Kong jina la mtaa wa Kampala na deni la kodi ya nyumba. Hao ni mabingwa wa kuchukua kitu cha mwingine na kukifanya kiishi hapa, na mwandishi aliyekulia karibu na kibanda amejifunza kwao kasi ya mzaha, ajue asijue.

Lenga madeni 15. Ukipata manne tu, shida yako ni usomaji mdogo: hatua zilizobaki zitakufaa zaidi ukishasoma vitabu vitano vya waandishi ambao hawafanani hata kidogo.

Hatua ya pili: nakili kwa mkono

Chagua maneno kama 300 ya mwandishi unayempenda, uyanakili kwa kalamu. Usitumie simu wala kompyuta. Jicho likisoma huruka, vidole kwenye kibodi hukimbia, lakini mkono wenye kalamu hulazimika kupita kila kiunganishi na kila nukta, na hapo ndipo ufundi ulipojificha.

Usichague ukurasa unaousifu kila siku. Ukurasa wa kilele umebebwa na kisa kizima kilichoutangulia, kwa hiyo ukiusoma peke yake utaona machozi na hutaona yametoka wapi. Chukua ukurasa wa kawaida: mtu anaingia nyumbani, watu wanakula, mgeni anapokewa. Kisha hesabu. Sentensi ni ngapi? Ndefu kuliko zote ina maneno mangapi, na fupi? Vivumishi ni vingapi? Jina la mhusika limetajwa mara ya kwanza katika sentensi ya ngapi? Nani anasema, na baada ya maneno yake msimulizi anaongeza nini? Mara nyingi utashangaa kwamba uliyemwona mwandishi wa maneno mengi ana vivumishi vitano tu katika ukurasa mzima, na wewe una thelathini.

Sasa jambo moja lisilosamehewa: juu ya kila ukurasa ulionakili andika NAKALA kwa kalamu nyekundu, pamoja na jina la mwandishi, kitabu na ukurasa. Wizi mwingi wa maandishi hauanzi kwa nia mbaya. Huanzia kwenye daftari lisilo na alama. Miezi minane ikipita unafungua daftari, unakuta sentensi nzuri kwa mwandiko wako, unadhani ni yako, unaiweka kwenye sura ya nne. Mwandiko ni wako kweli, sentensi siyo.

Hatua ya tatu: iga kwa makusudi, mara tatu

Mzunguko wa kwanza: shika mifupa, badilisha nyama yote. Kama ukurasa ulionakili una sentensi fupi ya hali ya hewa, kisha ndefu yenye matendo mawili, kisha neno lililosemwa na mtu asiyejulikana bado, andika vivyo hivyo, lakini kwa watu wako, mahali pako na jambo lako.

Mzunguko wa pili: shika nyama uliyoiandika wewe, uvunje mifupa. Anzia mwisho. Sentensi ndefu igawe, mazungumzo yageuze yawe masimulizi, ondoa anayesimulia. Hapa watu wengi huchoka na kuruka. Wasiruke, maana hapa ndipo unapogundua kama ulikuwa na jambo la kusema au ulikuwa na umbo la kukopa tu. Ukivunja mifupa na hakuna kinachobaki, tafuta jambo jingine.

Mzunguko wa tatu: funga kitabu, funga daftari, ngoja siku tatu, uandike tukio lilelile kwa kumbukumbu. Kinachorudi baada ya siku tatu kimeshameng'enywa. Kinachorudi neno kwa neno kipige mstari mwekundu.

Mfano wa kuchukua kisha kuongeza ni jahazi la Kleopatra. Mwaka 1579 Thomas North alichapisha kwa Kiingereza maisha ya watu mashuhuri yaliyoandikwa na Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale. Humo Kleopatra anakuja kwa chombo chenye tezi ya dhahabu, matanga ya zambarau na makasia ya fedha yanayopigwa kwa kufuata filimbi. Shakespeare alipoandika tamthilia yake ya Antony na Kleopatra miaka isiyofika thelathini baadaye, alibeba vyote: dhahabu ileile, zambarau ileile, fedha na filimbi. Mwanzoni unaona ni kunakili tu. Kisha tazama alichoongeza. Matanga yananukia manukato mpaka upepo unaugua mapenzi kwa ajili yake. Maji yanayopigwa na makasia yanaharakisha kufuata, kana kwamba yanapenda kupigwa. Orodha ya mali imegeuka tamaa, na tamaa hiyo ndiyo habari nzima ya tamthilia. Ukimkopa mtu, jiulize swali hilohilo: kitu nilichoongeza kinabeba habari yangu, au ni pambo? Na ujue pia kwamba zama zile kubeba sentensi za mwingine hakukuhesabiwa kama leo. Leo ungetakiwa kumtaja North.

Hatua ya nne: pima nomino

Athari hujificha kwenye nomino kuliko mahali pengine popote. Chukua kalamu ya pili, pigia mstari kila nomino ya kitu kinachoonekana, kinachosikika au kinachonuka katika kurasa zako kumi. Kisha kila moja iulize: nimeiona mahali hapa, au nimeisoma?

Tazama sentensi hizi, ambazo mwandishi yeyote wa Uganda aliyelelewa na vitabu vya mwambao angeweza kuziandika:

"Mwezi mpevu ulining'inia juu ya ziwa. Upepo wa kusi ulivuma taratibu, na mashua za wavuvi zikarudi pwani zikiwa zimejaa mukene."

Zinasomeka vizuri, na zina makosa matatu. Kusi ni upepo wa msimu wa Bahari ya Hindi. Juu ya Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, upepo hubadilika ndani ya siku moja, mchana ukitoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku ukirudi. Pwani ni neno linalotokana na kupwa kwa maji, na ziwa hili halipwi wala halijai kwa namna ambayo jicho litaona. Mtu wa Katosi au Ggaba, kandokando ya ziwa hilo, husema mwalo, neno ambalo Kiswahili cha Mwanza nacho kinalo. Na mwezi ndio kosa kubwa. Mukene, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi hata taa za sola, kwa sababu samaki hao hufuata mwanga. Mwezi mpevu ukiwaka, mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haiwakusanyi, na wavuvi wengi hawatoki. Mwezi ule wa kupendeza ulitoka kitabuni, na umewaleta watu ziwani usiku ambao wangekuwa wamelala.

Ziandike upya kwa kuanzia kwenye ukweli wa mahali:

"Mwezi ulikuwa haujaandama, siku mbili zilibaki. Kule katikati ya Nalubaale taa zilijipanga kama mji ambao mchana haupo. Alfajiri mashua zikaingia mwaloni, na kabla injini ya kwanza haijazimwa wanawake walishatandika nyavu kuukuu chini, wakingoja mukene wamwagwe."

Hakuna aliyejaribu kuwa wa pekee hapa. Kilichofanyika ni kuuliza wavuvi hutoka lini, na jibu likazaa taswira ambayo mwandishi wa Unguja asingekuwa nayo. Ndiyo maana tunamshauri mwandishi atumie nusu saa mwaloni, sokoni au gereji kabla hajatumia nusu saa kutafuta tamathali.

Kipimo hichohicho kitumie kwenye namna watu wanavyoitana. Muuza nguo wa soko la Owino, Kampala, akizungumza Kiswahili bado atamwita mteja *ssebo* (bwana) au *nnyabo* (bibi). Ukimfanya aseme "shehe wangu" umemleta kutoka kitabu kingine. Maneno kama mukene, kaloli na rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) yaache yalivyo, na usiyafafanue katikati ya sentensi: kaloli akisimama juu ya jaa la taka kwa miguu yake mirefu, msomaji wa Dodoma ataelewa kwamba ni ndege.

Hatua ya tano: kopa mbali, kopa kwa wengi

Ukiathiriwa na mmoja utafanana naye. Wakiwa kumi hakuna atakayemtambua hata mmoja, ila utatambulika wewe. Kwa hiyo changanya kwa makusudi: mmoja wa nathari fupi, mmoja wa ushairi, mmoja wa lugha nyingine, na mmoja asiyeandika kabisa bali husema.

Fasihi simulizi ya lugha yako ya kwanza ndiyo hazina iliyo karibu zaidi. Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu, alijenga utenzi wa Lawino, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, juu ya nyimbo na methali za Waacholi. Methali ya boga la boma la zamani, ambalo halifai kung'olewa, ilikuwa ya kila mtu. Alichofanya yeye ni kuifanya uti wa mgongo wa kitabu kizima, kinywani mwa mke mmoja mwenye hasira na sababu zake. Miaka miwili mitatu baadaye wenzake wa Uganda, Okello Oculi na Joseph Buruga, walitoa tenzi ndefu za umbo hilo, kila mmoja na kilio chake. Anayezungumza Runyankole ana *ebyevugo*, majigambo ya kasi ambamo mtu hujisifu na ng'ombe wake husifiwa. Ukiwa na masikio ya mapigo hayo, nathari yako ya Kiswahili itapata mwendo ambao hakuna riwaya ya pwani itakayokupa.

Tahadhari moja: ngano ni ya jamii, lakini maneno ya mkusanyaji aliyeichapisha ni yake. Ukiifungua ngano ya Kiganda kwa *Awo olwatuuka* na kuendelea kwa kumbukumbu ya aliyekusimulia, uko salama. Ukiitafsiri sentensi kwa sentensi kutoka mkusanyiko uliochapishwa, umenakili.

Mfano wa kukopa mbali kwa Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mpelelezi wake Bwana Msa, aliyetokea kitabuni mwaka 1960, ana kiko mdomoni na rafiki wa kumshangaa, Najum. Kila aliyesoma habari za Sherlock Holmes anamwona Holmes na Watson. Lakini kisa kinazunguka mzimu wa watu wa kale, na hayo London haikuwa nayo. Umbo limekopwa waziwazi, fumbo ni la kwao.

Kwa washairi, bahari za ushairi, yaani aina za mashairi, ni mali ya wote. Tarbia yenye mishororo minne, mizani nane kwa nane na vina vya kati na mwisho haina mwenyewe, kwa hiyo itumie bila kuomba radhi. Hatari iko kwenye vijazio: mafungu ya maneno yaliyokwisha kukaa tayari kwenye mizani nane, ambayo hujileta yenyewe kina kinapotafutwa. Dawa ni kuanzia na neno ambalo halijawahi kubebeshwa kina, ukatafuta wenzake:

*Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi hujilalia,*
*Mtaji kwao ni nyavu, gizani huutumia.*

Mizani imetimia, kina cha kati kimefuata neno "mpevu", na habari imetoka ziwani. Kabla ya kumaliza ubeti, futa kila kipande ambacho ungeweza kukihamishia shairi jingine bila kubadilisha herufi.

Hatua ya sita: kagua kabla ya kutoa

Andika kisa chako kwa mistari kumi, na kisa cha kitabu kilichokuathiri zaidi kwa mistari kumi. Matukio manne yakigongana kwa mpangilio uleule, badilisha au kiri deni. Hiki ni kipimo cha mezani, hakimo katika sheria, ila hugundua mengi. Kisha tafuta kwenye intaneti, ndani ya alama za nukuu, sentensi tano unazozipenda mno. Sentensi iliyokujia nzima nzima ulipoandika, bila kufutwa hata neno, ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kumbuka vitabu vingi vya Kiswahili havimo mtandaoni, hivyo kimya cha intaneti hakithibitishi chochote: rudi kwenye kurasa zako za NAKALA. Mwisho, mpe kazi mtu aliyemsoma sana mwandishi unayempenda, umwombe aweke alama kila anapomsikia. Usimwambie ni wapi unashuku.

Kutafsiri hakuoshi wizi. Aya ya Kiingereza iliyogeuzwa Kiswahili kizuri ni aya ya mwenyewe bado. Na ukitumia programu ya akili mnemba kukuandikia, safu ya kwanza ya daftari la madeni itabaki tupu, kwa kuwa hutajua umekopa kwa nani. Hilo peke yake linatosha kuiweka mbali na rasimu.

Sheria inasema nini

Uganda inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006. Kwa sheria hiyo kazi ni halisi ikiwa imetokana na jitihada za mwandishi mwenyewe, na haki huanza mara kazi inapowekwa katika umbo linaloshikika. Wazo tupu halilindwi. Yeyote anaweza kuandika juu ya mke aliyeachwa au mpelelezi mwenye kiko, ila hawezi kubeba maneno yaliyolibeba wazo hilo. Haki ya mali hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kunukuu kidogo kwa haki kunaruhusiwa ukitaja chanzo na jina la mwandishi, na huangaliwa umechukua kiasi gani, kwa lengo gani, na umeathiri vipi soko la kazi yake. Kutafsiri au kugeuza kitabu kiwe tamthilia kunahitaji ruhusa ya mwenye haki. Usajili kwenye URSB, ofisi ya serikali ya usajili, si lazima, lakini ukija mgogoro cheti husaidia kuonyesha nani alitangulia, kwa hiyo ufanye.

Kukiri deni kwenye kitabu

Kuna njia tatu, na zote zina heshima. Chinua Achebe aliweka mistari ya mshairi Yeats mwanzoni mwa riwaya yake ya 1958, Things Fall Apart, na jina la kitabu likatoka humo: deni limekaa mlangoni, kila mgeni analiona. Njia ya pili ni kumfanya mhusika amtaje mwandishi au wimbo ndani ya hadithi. Ya tatu, inayofaa wengi, ni nusu ukurasa wa shukrani mwishoni. Uandike ukiwa na daftari la madeni mbele yako, na useme kitu hasa, kama hivi: "Namna ya kukata sura katikati ya mazungumzo nimejifunza kwa fulani. Wimbo ulio ukurasa wa 41 niliusikia kwa bibi mmoja wa Katosi, naye akaniruhusu niuandike. Makosa ya kuusikia ni yangu."